UZI: Duka dogo la vitenge na kanga mtandaoni, litaonekanaje wakati Kariakoo nzima inauza mzigo uleule?

#1 PindoNaMji (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naomba msaada wa wenye ujuzi na biashara ya nguo mtandaoni. Duka ni dogo: vitenge na kanga, mzigo unachukuliwa kwa wauzaji wa jumla Mtaa wa Uhuru, unauzwa Instagram na WhatsApp. Picha ni zile anazotuma muuzaji wa jumla kwenye grupu lake, kwa hiyo maduka mengine kibao yana picha hizohizo. "Bei?" inaulizwa kila siku, wanaolipa ni wa kuhesabu. Bei ikishushwa, kesho yake na jirani ameshusha.

Mtaji hauruhusu kubahatisha. Kianzwe nini: picha, bei, matangazo ya kulipia, au kubadilisha mzigo? Mwenye hatua kamili na vipimo naomba aviweke hapa.

#2 GoraNzima

Mkuu, kabla ya tangazo lolote anza na kitambaa chenyewe. Mteja akiingia dukani kwa miguu anakishika, anakigeuza nyuma, anavuta pembeni asome maandishi. Mtandaoni hawezi hata kimoja. Ndiyo maana anaandika "bei?" halafu anapotea: anatajiwa bei ya kitu ambacho bado hajakijua. Duka litakalomshikia, litakalomgeuzia na kumsomea ndilo atakalolirudia, hata kama mzigo ni uleule wa jirani.

Mzigo mpya ukifika usikimbilie kupiga picha. Upime.

Urefu kwanza. Pisi ya yadi 6 inatakiwa itoe mita 5.48. Ilaze sakafuni bila kuivuta, weka tepu ya fundi pembeni yake. Ukikuta mita 5 kamili, hiyo ni kama yadi 5 na nusu, na iuzwe kwa jina hilo. Upana nao: mara nyingi ni inchi 45 au 46, ila zipo pungufu. Fundi akikosa kitambaa cha mikono ya gauni, mteja hamtafuti muuzaji wa jumla, anakutafuta wewe.

Malighafi. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, za urefu na za upana, maana kuna vitambaa vilivyochanganywa upande mmoja tu. Ziwashe kiberiti juu ya sahani. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi inayoungua, inabakiza jivu laini linalosagika kwa kidole. Polista inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata jivu na kidonge pamoja, ni mchanganyiko.

Rangi. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, sugua sehemu yenye rangi nzito kwa nusu dakika. Kisha kata kipande kidogo pembeni, kiloweke dakika 30 kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni. Nyekundu, zambarau na nyeusi ndizo zinazosumbua. Na usimwambie mteja aloweke kwa chumvi ili rangi ishike. Rangi za kiwandani hazishikizwi na chumvi ya jikoni; kilichokuwa kitachuja kitachuja tu.

Mwisho, pande mbili. Kitenge cha nta kweli kinabeba rangi karibu sawa mbele na nyuma, kwa sababu nta hupigwa pande zote kabla ya kutiwa rangi, na ukichungulia utaona vijinyufa vidogo vya rangi mahali nta ilipopasuka. Kilichochapwa upande mmoja kinafifia nyuma. Maandishi ya pembeni yasome, ila yasiwe ushahidi pekee. Maandishi ya Vlisco ya Uholanzi yananakiliwa kwenye vitambaa ambavyo havijawahi kuiona Helmond, mji wa kiwanda chake.

Matokeo yote yaingie daftarini kwa kodi (namba ya utambulisho wa kitambaa), mfano VT-014, na kodi hiyo iandikwe kwenye kikaratasi kinachobanwa kwa pini kwenye pisi.

#3 Mteja_wa_Mbeya

Nakazia hapo kwenye urefu. Ila ukiandika "polista" si unamfukuza mteja?

#4 GoraNzima

Polista ina kazi zake: haikunjamani, inakauka haraka, inafaa mapazia, mikoba, mito ya sofa, sare ya kuvaliwa siku moja. Anayekimbia akisoma "polista" angekurudishia mzigo baada ya kuuvaa saa sita mchana na kutoka jasho. Muuzie pamba kwa bei ya pamba, na polista kwa bei yake.

#5 MwangaWaAsubuhi

Mimi nijibu picha, maana hapo ndipo mleta uzi anapofanana na wengine wote. Simu ya kawaida inatosha. Kinachoharibu ni taa na haraka.

Mahali: barazani au mlangoni, kivulini, pasipofikiwa na jua moja kwa moja. Muda: saa 3 hadi saa 5 asubuhi, au saa 9 hadi saa 11 jioni. Taa za dukani zizimwe kabisa wakati wa kupiga. Taa nyeupe ikichanganyika na mwanga wa nje, upande mmoja wa kitambaa unakuwa wa bluu na mwingine wa njano, na hakuna programu itakayourekebisha vizuri.

Futa lenzi kwa kitambaa laini. Zima urembeshaji wa kamera. Simama mita moja na nusu hivi, tumia lenzi ya kawaida, ile ya 1x. Lenzi pana inapinda mistari ya pembeni, na kitenge chenye mistari kikipinda kinaonekana kimekatwa vibaya. Weka karatasi nyeupe ya A4 pembeni ya kitambaa kwenye picha ya kwanza. Ukiona karatasi imekuwa ya njano au bluu, ujue na kitambaa kimedanganya. Rekebisha mpaka karatasi iwe nyeupe, halafu tumia marekebisho hayohayo kwa picha zote za pisi hiyo. Gusa skrini na ushikilie hadi mwanga ufungwe, kisha shusha mwanga kidogo. Nyekundu na bluu kali huwa zinajaa kwenye kamera ya simu mpaka maua yanayeyukiana.

Kila kodi ipigwe picha sita:

1. Kitambaa kimetandazwa, ua zima lionekane mara mbili, tepu ya fundi imelazwa pembeni. Mteja anataka kujua ua ni kubwa kama sahani au kama kifungo cha shati. Picha za muuzaji wa jumla haziwezi kumwambia.
2. Kona imekunjwa, mbele na nyuma vinaonekana pamoja.
3. Maandishi ya pembeni, yasomeke.
4. Karibu sana, sentimita 10 kwa 10, ufumaji uonekane.
5. Kimeshikwa mkononi kikining'inia, ionekane kama ni kizito au kinapepea.
6. Kimevikwa mtu au sanamu la dukani, hata kwa kufunga tu bila kushona.

Picha ya 5 iwe video ya sekunde 8 hadi 12 ukiweza. Kinyanyue, kiachie, kigeuze. Bila muziki wa kuziba sauti: pamba mpya yenye wanga ina mlio wake inapokunjwa, na akina mama wanaujua.

Kosa jingine: vitambaa vya mistari myembamba hutoa mawimbi ya ajabu kwenye picha. Sogea nyuma hatua moja au badilisha pembe kidogo, yanaondoka.

Ukubwa: wima, 1080 kwa 1350. Instagram sasa inaonyesha ukurasa wa akaunti kwa vipimo vya 3 kwa 4 badala ya mraba, kwa hiyo kodi na bei vikae katikati, visiguse kingo. Ukiwa unatuma WhatsApp chagua ubora wa HD, la sivyo picha namba 4 haina maana yoyote.

Na zile picha za muuzaji wa jumla zifutwe. Mteja akiona picha ileile kwenye akaunti tano, kilichobaki kwake ni kulinganisha bei.

#6 FundiCherehani

Niongeze jambo dogo lenye faida kubwa. Usiishie kuandika "yadi 6". Andika zinatoa nini. Kwa kitambaa cha upana wa inchi 45, mtu wa umbo la kati:

Shati la kiume la mikono mifupi, yadi 2 hadi 2 na nusu. Gauni refu la mshono wa kawaida, yadi 4. Sketi na blauzi, yadi 4 hadi 5. Gauni la marinda mengi linaweza kula yadi 6 zote.

Ua likiwa kubwa ongeza nusu yadi, maana fundi anahitaji kulinganisha maua kifuani na kwenye mshono wa mgongo. Ua lenye kichwa na miguu, kama ndege au taa, haligeuzwi wakati wa kukata, kwa hiyo linakula zaidi. Mteja akisoma "yadi 6: gauni moja na shati la mume" ameshapata sababu ya kununua pisi nzima badala ya kuomba akatiwe. Na kama unakata, andika wazi kwamba unakata kuanzia yadi ngapi.

#7 JumlaTu

Haya yote sawa, ila kwenye bei sikubaliani na mtakaosema iandikwe. Ukiandika bei, jirani anaiona na kuuza chini yako kwa elfu moja. Na wateja wa jumla wanaona bei ya rejareja wanakimbia. "Bei njoo DM" ina maana yake.

#8 DaftariLaHesabu

Mkuu JumlaTu, hoja yako naiheshimu, ila angalia gharama ya upande wa pili. Jirani bei yako anaijua tayari, anaulizia kwa namba nyingine. Asiyeijua ni mteja aliyeiona pisi saa 4 usiku akiwa kitandani, ambaye hatasubiri ujibu saa 2 asubuhi. Suluhisho la wateja wa jumla ni mstari mmoja: "Rejareja 25,000. Kuanzia pisi 6 bei ya jumla, tuulize." Hapo kila mtu amepata mlango wake.

Kinachomwangusha mwenye duka dogo ni kupanga bei bila kuhesabu. Chukua mfano, takwimu ni za kufundishia tu. Pisi imenunuliwa 15,000. Usafiri wa mzigo ukigawanywa, 400. Kifungashio na kikaratasi, 500. Makato ya kutoa na kulipa kwa simu, 400. Hasara ya vipande vyenye doa na vinavyorudishwa, 500. Tangazo, 3,000. Jumla 19,800. Ukiuza 25,000 umebaki na 5,200. Ukishusha hadi 22,000 kumfuata jirani, umebaki na 2,200. Sasa unahitaji kuuza zaidi ya mara mbili ili ubaki pale ulipokuwa, kwa mtaji uleule na miguu ileile. Kabla ya kushusha bei ongeza kitu chenye gharama ndogo ambacho jirani hafanyi. Kwenye kanga, kwa mfano, ikate doti (kanga mbili zilizoungana) na kuipinda. Ni dakika chache za cherehani, na mteja anaipokea tayari kuvaa.

#9 PindoNaMji

Aisee, nimeelewa pa kuanzia. Na akishaingia WhatsApp? Maana hapo ndipo wanapotelea wengi.

#10 MezaYaMbele

Hamia WhatsApp Business kama bado, ni ya bure. Mpangilio wake:

Katalogi inabeba hadi bidhaa 500, lakini usiweke 500. Weka zilizopo tu. Pisi ikiuzwa, iondoke katalogini saa hiyohiyo. Mteja akiambiwa "hiyo imeisha" mara mbili, hatafungua katalogi yako tena. Jina la bidhaa lianze na kodi: "VT-014 kitenge cha nta, bluu na njano, yadi 6".

Majibu ya haraka (ujumbe uliouandika kabla, unauita kwa alama ya / na neno fupi), unaruhusiwa hadi 50, ila matano yanatosha. Andika kama unavyozungumza. Mfano wa /kutuma: "Dar tunatuma kwa bodaboda, nauli tunakutajia kabla hatujatuma. Mikoani tunapeleka stendi jioni kwa jioni, ukilipia kabla ya saa 8 mchana kifurushi kinaondoka leo. Naomba jina, namba ya simu, na mahali pamoja na alama ya karibu." Na /picha: "Nimekutumia picha 6 za VT-014. Ya pili ni mbele na nyuma, ya tatu ni maandishi ya pembeni. Unashona nini, nikuhesabie yadi?" Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayouza. Swali la yadi linampeleka kwenye gauni lake, linamtoa kwenye kuulizana punguzo.

Lebo: Ameuliza, Anasubiri mshahara, Amelipa, Imetumwa, Imefika. Hiyo ya pili msiichukulie kijuujuu. Anayesema "mwisho wa mwezi" muandikie tarehe 27 na picha ya kitambaa kilekile.

Brodkasti: orodha moja inabeba namba 256, lakini ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kwenye kikaratasi cha kifurushi andika: "Hifadhi namba hii, mzigo mpya wateja wetu wanauona kabla haujapanda Instagram." Halafu iwe kweli, wape hata saa 24 za mwanzo. Usiwaingize watu kwenye magrupu bila kuwauliza. Wakikuripoti wengi, namba inafungiwa, na wateja wote wamo ndani yake.

Washa na uthibitisho wa hatua mbili leo hii. Wezi hupiga simu wakijifanya wateja na kuomba "namba ya tarakimu sita uliyotumiwa kimakosa". Ukiitoa, akaunti imekwenda, na wataanza kupokea malipo kwa jina la duka lako.

#11 LesoMvita

Kutoka Mombasa, salamu nyingi. Neno moja kwa mleta uzi: huku Biashara Street hakuna anayetafuta "kanga", watu hutafuta leso. Huko kwenu wengine huandika kanga, wengine khanga. Weka maneno yote matatu kwenye maelezo, hakuna gharama.

La pili, andika jina la leso, yaani ule usemi uliochapwa juu yake, kwa herufi, neno kwa neno. Picha pekee haitoshi kwa anayetafuta kwa kuandika. Leso hununuliwa kwa jina kabla ya rangi: mtu ana mkwe, ana mzazi aliyejifungua, ana jambo la kumwambia jirani. Zipange kwa shughuli: uzazi, harusi, arobaini, zawadi ya mama. Duka la leso lililopangwa kwa rangi tu ni kama maktaba iliyopangwa kwa ukubwa wa vitabu.

Na kwenye Instagram, ile sehemu ya jina, si jina la akaunti lenye alama ya @, nayo inasomwa na utafutaji. Badala ya kurudia jina la duka, andika "Kanga, Leso na Vitenge Kariakoo". Fikiria kabla ya kuandika, kwa sababu inabadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14. Tangu Julai 2025 machapisho ya wazi ya akaunti za kibiashara yanaweza pia kutokea Google, kwa hiyo maelezo yaliyoandikwa vizuri yanafanya kazi nje ya Instagram.

#12 KifurushiSalama

Naomba tugusie woga. Watu wameibiwa sana kwa "tuma hela kwanza", na muuzaji mwaminifu analipia dhambi za wezi. Woga huo unaondolewa kwa vitu vinavyoonekana.

Tumia Lipa Namba ya biashara, si namba yako binafsi. Mteja akiingiza namba anaona jina kabla ya kuthibitisha. Weka chapisho lililobandikwa juu (Instagram inaruhusu matatu) lenye namba hiyo na maneno: "Jina litakalotokea ni hili. Likitokea jingine, usilipe." Wezi wanaonakili picha zako hawawezi kunakili hilo. Kwa Kenya, Till Number inafanya kazi hiyohiyo. Jina la biashara lisajiliwe BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania), na liwe moja kila mahali: kwenye Lipa Namba, Instagram, bango la mlangoni, risiti.

Kama una hata kijimlango Kariakoo, fungua wasifu wa biashara kwenye Google, ni bure. Utaombwa kuthibitisha, mara nyingi kwa video inayoonyesha mtaa, bango na wewe ukifungua mlango. Andika ghorofa na namba ya mlango. "Kariakoo" peke yake haimfikishi mtu popote.

Dar: nauli ya boda ilipwe kwanza, kitambaa kilipwe baada ya kukikagua mlangoni. Mwambie hivyo mapema, kwamba asipokipenda anakirudisha na nauli ndiyo hairudi. Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu jambo hilo halikusemwa.

Mikoani: mteja alipe yote, halafu apate picha tatu kabla hajaziomba. Kitambaa chake chenye kikaratasi cha kodi, kifurushi kilichofungwa chenye jina na simu, na risiti ya kifurushi ya basi. Ongeza namba ya basi na muda wa kufika stendi. Andika jina lake kwa kalamu ya wino usiofutika pande mbili za kifurushi. Upande mmoja ukichanika, mwingine unabaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia mfuko mbadala au bahasha ngumu ya karatasi.

Ushuhuda wa wateja ni mzuri, ila funika namba zao na uombe ruhusa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.

#13 MwekaHazina

Mmesahau sare! Kwa duka dogo hapa ndipo pa kujitenga na wengine. Kitchen party, kamati ya harusi, kikoba, kwaya, familia yenye arobaini: wote wanahitaji kitambaa kimoja kwa watu 20, 40, 60. Wauzaji wa pisi mojamoja wanakwepa kwa sababu ya usumbufu, na wauzaji wa jumla hawana muda wa kusubiri michango.

Kazi ni hii. Pata idadi, ongeza moja kwa kila kumi. Watu 40, tafuta 44, kwa sababu shangazi wa mwisho huwa hajajiandikisha. Zote zitoke robota moja. Ua lileile kutoka robota tofauti linaweza kuja na bluu iliyokoza zaidi, na watu wakipanga mstari wa picha tofauti inapiga kelele. Zitandaze nne tano pamoja kwenye mwanga wa nje kabla ya kulipia mzigo.

Zungumza na mweka hazina mmoja tu, si kamati nzima. Mpe sampuli ya nusu yadi aipeleke kikaoni. Malipo ya awali nusu, unamshikilia mzigo siku 5, tarehe imeandikwa. Siku zikipita unaruhusiwa kuuza, na ziada asizochukua unarudisha dukani kwako. Kisha toa huduma ambayo hakuna anayeitoa: funga kila doti peke yake, bandika jina la mwenyewe kutoka kwenye orodha yake. Hiyo inamwondolea mweka hazina siku nzima ya kugawa nguo sebuleni, na kamati ijayo atakayokuwemo ataileta kwako.

#14 DaftariLaHesabu

Matangazo sasa, kwa kuwa aliuliza. Yaje mwisho, baada ya picha sita na bei. Tangazo huleta watu, likiwaleta kwenye picha ya kuazima, umelipia "bei?" nyingi zaidi.

Chagua aina inayofungua WhatsApp moja kwa moja. Tumia video ile ya sekunde 10, bei iandikwe juu yake, eneo liwe Dar peke yake kwanza kwa sababu hapo ndipo mteja anaweza kukagua mlangoni. Mfano: 10,000 kwa siku, siku 5, jumla 50,000. Wape wote lebo "Tangazo". Wakija 40 na wakanunua 12, kila oda imekugharimu 4,167. Kwenye hesabu yangu ya juu niliweka 3,000, kwa hiyo faida imeshuka kutoka 5,200 hadi kama 4,000, bado iko hai. Wakinunua 4, oda moja ni 12,500 na kila pisi inakula hasara. Simamisha, angalia mazungumzo: wamepotelea kwenye nauli, au kwenye rangi? Rekebisha hapo kabla ya kuweka hela nyingine. Usibadilishe tangazo kila siku, mfumo unahitaji siku kadhaa kujifunza nani anajibu.

#15 PindoNaMji

Shukrani sana wakuu. La mwisho: nani ataniandikia maelezo kamili ya doti moja niyatumie kama kiolezo? Jina la kanga ni WEMA HAUOZI, pindo nyeusi, mji (sehemu ya katikati) mwekundu, pamba.

#16 LesoMvita

Haya, chukua, ubadilishe namba zikiwa zako:

"KG-007. Kanga / khanga / leso ya jina: WEMA HAUOZI. Ya kumpa mama, mkunga au jirani aliyekushika mkono. Pindo nyeusi, mji mwekundu. Pamba yote, tumechoma uzi kuhakikisha. Kila upande sentimita 150 kwa 110, tumepima. Nyekundu inachuja kidogo mara mbili za mwanzo: ifue peke yake, maji baridi, ianike kivulini. Doti 14,000, ikikatwa na kupindwa 15,000. Kuanzia doti 10 za sare, tuulize. Zimebaki 9. Lipa Namba iko kwenye chapisho la juu."

Hiyo sentensi ya nyekundu kuchuja usiitoe. Na "zimebaki 9" ibadilishe kila ikipungua, iwe namba ya kweli.